Kutengeneza Kizimba cha Kuangulia Mayai ya Vunjajungu: Suala la Ufundi na la Istilahi

Utangulizi

Mtu anayepogoa ua wa kayaba katika mitaa ya Nairobi, au anayepunguza matawi ya mibuni kule Kiambu, hukutana mara kwa mara na kidonge cha rangi ya udongo kilichogandamana na kitawi. Aghalabu hukidhania kuwa tope lililokauka au kiota kilichohamwa na nyigu, akakikwangua kwa panga na kuendelea na kazi yake. Ndani ya kidonge hicho huenda mna mayai mia moja, mia mbili au zaidi ya vunjajungu, yule mdudu mwenye kichwa cha pembetatu na miguu ya mbele iliyokunjwa mithili ya mtu anayeomba dua. Vunjajungu hali majani ya mtu. Huwinda vidukari, nondo, viwavi, panzi na inzi. Ni kweli kwamba habagui, na nyuki akipita karibu naye huliwa. Hata hivyo, mwenye bustani aliyekikwangua kidonge kile amepoteza wawindaji wengi kwa pigo moja la panga.

Makala haya yanaeleza namna ya kukihifadhi kidonge hicho na kukiundia kizimba ambamo mayai yake yataanguliwa salama. Uundaji wenyewe si jambo la kutisha. Seremala wa kawaida, au hata mwanafunzi mwenye msumeno na gundi, anaweza kuumaliza katika alasiri moja. Ugumu uko mahali pawili ambapo maelezo ya kazi hii huwa mepesi mno, yaani chakula cha siku za kwanza na majina ya vitu. Inashikiliwa hapa kwamba mambo haya mawili hayatengani. Katika maelezo ya ufundi, jina lisilo sahihi haliishii ukurasani: humfanya msomaji ajenge kitu kisichofaa, au alete chakula kisicholika, na kizazi kizima cha wadudu kikafa katika siku tatu.

Majina kabla ya misumari

Mdudu mwenyewe hana tatizo la jina. Kiswahili humwita vunjajungu, au kivunjajungu, na wanafunzi wa mofolojia watalitambua jina hilo mara moja kuwa ni ambatani ya kitenzi na nomino, katika ukoo mmoja na kifunguamimba na kifunguakinywa. Kama ilivyo kwa ambatani za aina hii, maana haimo ndani ya vijenzi vyake: mdudu huyu si aina ya jungu wala si aina ya kuvunja. Jina linatokana na imani ya pwani kwamba anayemgusa atakivunja chombo atakachokishika baadaye. Yamkini imani hiyo imemwokoa mdudu huyu na vidole vya watoto kuliko sheria yoyote. Wagiriki nao walimtazama mdudu huyohuyo wakamwita mtabiri, na jina hilo ndilo lililoingia katika sayansi kama *mantis*.

Tatizo linaanzia kwenye kile kidonge. Wanabiolojia hukiita ootheka, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kasha la mayai. Katika Kiswahili, jina linalojitokeza kwanza ni ‘kifuko cha mayai’. Jina hilo halina kosa la kisarufi, lakini linapotosha. Kifuko ni kitu laini chenye mdomo, na kilichomo humwagwa au hutolewa. Msomaji anayeambiwa ana kifuko mkononi atashawishika kukifungua aone. Hali halisi ni tofauti. Vunjajungu jike anapotaga hutoa povu kutoka ncha ya tumbo lake, akalikoroga huku akiyapanga mayai ndani yake kwa safu, na baada ya saa chache povu hilo hukauka na kuwa gumu. Mayai hayamo ndani ya mfuko. Yamegandishwa katikati ya povu, kila yai katika chumba chake. Ukikata umeyakata mayai. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza ‘kibumba cha mayai’, kwa kuwa bumba ni kitu kilichoshikamana, na mtu hana hamu ya kukifungua kibumba.

Jina la pili ni zito zaidi. Wapo wanaokiita kiumbe kinachotoka ndani ya yai ‘buu’ au ‘kiluwiluwi’. Kiluwiluwi ni wa majini, na kwake ubishi ni mfupi. Buu je? Buu wa inzi hana miguu, huishi ndani ya chakula chake, na hutosheka na kopo lenye kina cha vidole viwili. Baadaye hulala katika hali ya bundo, akaamka akiwa na umbo jipya kabisa. Mtoto wa vunjajungu hana hata moja kati ya sifa hizo. Hutoka ndani ya yai akiwa tayari na miguu sita, macho makubwa na mikono ya kuwindia. Anachokosa ni mabawa na ukubwa tu. Hupanda, huning'inia, huwinda kiumbe anayetembea. Kiswahili kina neno la hali hii hasa, nalo ni tunutu, linalotumiwa kwa mtoto wa nzige au panzi kabla hajaota mabawa. Mwenye kuambiwa kwamba atafuga mabuu ataandaa kopo. Mwenye kuambiwa kwamba atafuga tunutu atajua anahitaji kimo, vitawi na mahali pa kushikia.

Tunutu hukua kwa kujivua gamba, msemo uliopata umaarufu wa ghafla katika siasa za Tanzania mwaka wa 2011. Huko msemo ulikuwa wa kitamathali. Hapa ni tendo lenyewe, na ndilo linaloamua vipimo vya kizimba, kama itakavyoonekana.

Kukichagua kibumba kilicho hai

Si kila kibumba kinachopatikana kinastahili kuundiwa kizimba. Kibumba cha zamani ambacho tunutu wake wameshatoka huweza kubaki kwenye tawi kwa miezi kadhaa, kikiwa na umbo lake kamili. Dalili ya kwanza ya kibumba cha namna hiyo ni wepesi na ukavu wa kuvunjikavunjika. Dalili ya pili ni nyuzinyuzi nyembamba zilizochanganyika na vigamba vyeupe, zinazoning'inia kwenye mstari unaopita katikati ya upande mmoja. Mstari huo ndio mlango: tunutu wote hutokea hapo. Anayekitazama kibumba kwa makini kabla ya kukichukua na kuujua upande wa mlango amejiepusha na kosa kubwa la baadaye, yaani kukibandika mlango ukiwa umeelekea ukutani.

Dalili nyingine ni vitundu vya duara, vidogo kama ncha ya pini, vilivyotawanyika ovyo juu ya kibumba. Hivyo si vya tunutu. Ni kazi ya nyigu wadogo sana, mathalani wa jenasi ya *Podagrion*, ambao jike wao ana mrija mrefu wa kutagia. Huupenyeza mrija huo ndani ya povu na kutaga katika mayai ya vunjajungu. Watoto wake huyala mayai hayo kutoka ndani. Kibumba chenye vitundu hakipaswi kutupwa kwa haraka, kwa kuwa mara nyingi nyigu hawamalizi mayai yote, na tunutu hutokea katika safu zilizosalia.

Njia ya uhakika zaidi ni kumwona jike akitaga, kisha kuiandika tarehe. Kwa vunjajungu wakubwa wa kijani wa jenasi ya *Sphodromantis*, ambao ni wa kawaida katika sehemu nyingi za Afrika, mayai huchukua takribani wiki 4 hadi 8 katika joto la nyuzi 25 hadi 30. Penye baridi muda huo hurefuka. Mwenye kibumba Mombasa na mwenye kibumba Limuru hawawezi kutumia kalenda moja, na mwenye kibumba Nairobi mwezi wa Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 10 au 12, atahitaji subira nyingi au pembe yenye joto nyumbani.

Kibumba kikiwa kwenye kitawi, kitawi hukatwa kizima, vidole vinne juu na vidole vinne chini ya kibumba. Kikiwa kwenye mti ambao mwenyewe hataki ukatwe, au kwenye ukuta wa mawe, ni afadhali kukiacha palepale. Mfuko wa kitambaa chepesi ukifungwa kukizunguka kitawi, ukiwa na nafasi ya kutosha ndani, tayari ni kizimba. Kuna wafugaji wasiohitaji kingine.

Kizimba chenyewe

Neno kizimba limezoeleka kwa Wakenya wengi kama mahali asimamapo mshtakiwa mahakamani, ilhali ndilo neno hilohilo la banda dogo la kufugia ndege na kuku. Kinachokusudiwa hapa ni fremu ya mbao nyembamba yenye upana wa sentimita 30 kila upande na kimo cha sentimita 40. Vipimo hivi vinaweza kubadilishwa, ila uwiano usibadilishwe: kimo kizidi upana.

Sababu ni ile ya kujivua gamba. Tunutu anayetaka kujivua hupanda juu, akashika dari kwa kucha za miguu, akaning'inia kichwa chini. Gamba la zamani hupasuka mgongoni, naye huteremka polepole kutoka ndani yake, laini kama uji, mpaka atakapokauka. Nafasi tupu chini yake inapaswa kuwa walau mara tatu ya urefu wa mwili wake. Akigusa kitawi au sakafu kabla ngozi mpya haijakaza, miguu hukauka ikiwa imepinda, na tunutu mwenye mikono iliyopinda hawezi kuwinda. Vunjajungu hujivua mara kadhaa kabla ya kuota mabawa, kwa hiyo kizimba kifupi humpa nafasi kadhaa za kulemaa.

Upande mmoja wa fremu uwe wa kioo au plastiki angavu, ili mambo yaonekane. Pande tatu na dari ziwe za kitambaa. Dari ya kioo haifai hata kidogo, kwa kuwa kucha za tunutu anayejivua zinahitaji mahali pa kushika. Je, kitambaa gani? Jibu la kwanza linalomjia mtu yeyote katika nchi hii ni chandarua kuukuu, na hapa ndipo kizimba kinapoweza kugeuka kaburi. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya kuzuia malaria hutiwa dawa ya kuua wadudu, na vimetengenezwa ili dawa hiyo istahimili takribani mifuo 20. Kukifua mara mbili kwa sabuni na kukianika juani hakukiondolei sumu. Hata chandarua kisicho na dawa kina matundu mapana kiasi cha kuwapitisha wadudu wadogo watakaotumiwa kama chakula. Kitambaa kinachofaa ni melimeli au shela nyepesi, au soksi ndefu ya nailoni ikikatwa na kunyooshwa. Kitambaa kipya kifuliwe kwa maji matupu kwanza.

Mlango ndio unaowashinda wengi. Mlango wa bawaba unaofunguka wote huwapa tunutu mia moja njia ya kutokea kila mara mfugaji anapoingiza mkono. Suluhisho la zamani la wataalamu wa wadudu ni rahisi na zuri. Shimo la duara hukatwa katika upande mmoja wa kitambaa, likashonewa mkono wa shati kuukuu. Mtu huingiza mkono wake kupitia mkono wa shati, akafanya kazi yake, akautoa, kisha akaufunga mkono wa shati fundo. Hakuna kinachotoroka.

Ndani ya kizimba vitu viwe vichache. Vitawi vitatu au vinne vyenye vijitawi vingi viegemezwe kwa mshazari, visiijaze nafasi ya katikati. Sakafuni patandikwe karatasi inayobadilishwa. Majani mabichi ya kupamba yana hatari yake, kwa kuwa yakitoka shamba lililonyunyiziwa dawa yataingiza dawa hiyo kizimbani. Kwa sababu hiyohiyo kizimba kisiwekwe chumba ambamo huchomwa dawa ya mbu au kupulizwa dawa ya mende. Vunjajungu ni jamaa wa karibu wa mende, na hakuna dawa inayomuua mmoja ikamhurumia mwingine.

Kibumba hufungwa kwa uzi pamoja na kitawi chake karibu na dari, kikielekea jinsi kilivyokuwa kimeelekea mtini, mlango ukiwa wazi na nafasi ya sentimita 15 au zaidi ikiwa tupu chini yake. Kisitobolewe kwa pini. Kisilazwe sakafuni kamwe, kwa sababu zitakazoelezwa.

Ziada ni unyevu na sisimizi. Kibumba hunyunyiziwa maji kama umande, kidogo, mara moja kila baada ya siku moja au mbili, kwa chupa ambayo haijawahi kutiwa sabuni wala dawa. Kikilowa chapachapa kitaota ukungu. Kuhusu sisimizi, Jean-Henri Fabre, Mfaransa aliyeandika mengi kuhusu wadudu, aliona kwamba hawawezi kulipenya povu lililokauka, lakini huzungukazunguka wakingoja. Tunutu wanapotoka wakiwa laini, sisimizi huwanyakua. Jikoni kwa Waafrika wa Mashariki dawa ya jambo hili inajulikana tangu enzi za kabati za nyama. Kizimba huwekwa juu ya meza ambayo miguu yake imesimamishwa ndani ya makopo ya maji. Matone mawili ya mafuta ya kupikia juu ya maji hayo huzuia makopo yasigeuke mazalio ya mbu. Meza nayo isiguse ukuta.

Chakula: jina lingine lenye hatari

Mfugaji aliyefuata yote yaliyotangulia bado anaweza kuwapoteza tunutu wote. Tunutu mchanga wa *Sphodromantis* ana urefu usiofika sentimita moja na mwili mwembamba kama uzi. Hawezi kumkamata inzi wa nyumbani. Hali kitu kilichokufa. Anahitaji mawindo hai madogo kuliko yeye mwenyewe, na anayahitaji kuanzia siku ya pili au ya tatu ya maisha yake. Hesabu si ngumu: tunutu 150, kila mmoja akila mawindo mawili au matatu kwa siku, watahitaji mawindo 300 hadi 450 kila siku. Bila shaka hakuna mtu atakayeyakusanya hayo bustanini kwa mkono baada ya tunutu kuzaliwa.

Mawindo yanayopendekezwa kote duniani ni *Drosophila*, vile vijiinzi vyenye urefu wa milimita mbili hadi tatu na macho mekundu, vinavyozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Katika Kiingereza vina jina la kawaida ambalo likitafsiriwa moja kwa moja huwa ‘inzi wa matunda’. Tafsiri hiyo ina kasoro nchini Kenya. Kwa mkulima wa maembe wa Makueni au wa Kilifi, inzi wa matunda ni mdudu mwingine kabisa, *Bactrocera dorsalis*, aliyegunduliwa nchini mwaka wa 2003 na ambaye aliharibu maembe kiasi kwamba mwaka wa 2014 Kenya iliamua yenyewe kusimamisha uuzaji wake katika nchi za Umoja wa Ulaya. Inzi huyu hukaribia ukubwa wa tunutu mchanga mwenyewe. Msomaji mtiifu anayeambiwa azalishe inzi wa matunda anaweza kuokota maembe yenye funza chini ya mwembe, akayafungia chupani, na matokeo yake yakawa mawili: tunutu watakufa kwa njaa mbele ya mawindo wasiyoyaweza, na jirani atapata kundi jipya la maadui wa maembe yake. Kwa hiyo makala haya yanatumia ‘vijiinzi vya ndizi’. Jina hilo halina hadhi ya istilahi, lakini kila mtu mwenye jiko anajua ni vipi.

Kuvizalisha ni rahisi. Ndizi mbivu nusu hupondwa na kutiwa katika chupa yenye mdomo mpana pamoja na chembe za hamira. Kipande cha karatasi kilichokunjwakunjwa husimamishwa ndani, kiwe mahali pa kutua. Chupa huachwa wazi siku moja au mbili karibu na matunda mpaka vijiinzi kadhaa viingie, kisha hufunikwa kwa kitambaa na mpira. Katika joto la nyuzi 25 kizazi kipya hutoka baada ya siku 10 hivi. Penye baridi huchelewa. Kwa kuwa siku ya kuanguliwa kwa tunutu haijulikani, busara ni kuanzisha chupa mpya kila wiki, kuanzia wiki ya tatu baada ya kibumba kutagwa au tangu siku kilipookotwa ikiwa umri wake haujulikani. Wapo watakaoona kwamba ni upuuzi kuzalisha inzi kwa ajili ya wadudu ambao hawajazaliwa. Lakini anayengoja kuwaona tunutu ndipo aponde ndizi amechelewa kwa siku 10, na tunutu hawana siku 10. Baada ya siku chache bila chakula wataanza kulana, na hiyo ndiyo riziki pekee watakayokuwa nayo.

Vidukari wanaopatikana kwenye vichipukizi vya kunde au sukumawiki huweza kuziba pengo, mradi mmea huo haukunyunyiziwa dawa.

Siku ya kuanguliwa

Aghalabu hutokea asubuhi, bila ya dalili yoyote usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwanza kwenye mstari wa mlango huchomoza vichwa vyenye macho meusi, vingi kwa pamoja. Viumbe vinavyotoka havifanani na vunjajungu. Vimefungwa ndani ya ngozi nyembamba iliyoibana miguu mwilini, vinanyongorota kama visamaki, na kila kimoja kinashuka kikiwa kimeshikiliwa na uzi mwembamba. Kwa muda mfupi kibumba huota ndevu zinazotikisika. Kisha kila kiumbe huipasua ngozi hiyo ya kwanza hapohapo kinaponing'inia, kikaitoa miguu mirefu isiyo na nguvu, kikajishikilia kwa wenzake, na hatimaye kikapanda juu.

Hapo ndipo sababu ya kukiinua kibumba inapodhihirika. Kikiwa kimelazwa sakafuni, tunutu hawapati mahali pa kuning'inia, hubanana wakiwa bado na ngozi yao ya kwanza, na wengi hawaivui. Mfugaji asiyejua atadhani mayai yalikuwa mabovu.

Saa za mwanzo mfugaji hana kazi ila kutazama. Asiguse, asiwanyunyizie maji watakaonasa ndani yake, asiwahamishe. Jioni, wakishakauka na kuwa na rangi, umande mwepesi upande mmoja wa kitambaa utawapa cha kunywa. Vijiinzi hufunguliwa kizimbani kesho yake kwa kuigonga chupa ndani ya mkono wa shati. Tunutu wa kwanza atakayewinda humsogelea kijiinzi akiyumbayumba kama jani, kisha mikono yake hufyatuka kwa kasi isiyofuatika kwa jicho. Watakaokosa watajaribu tena.

Kupunguza na kuachilia

Kizimba cha vipimo vilivyotajwa hakiwezi kuwalea tunutu 150 hadi wakomae, hata chakula kikiwa tele. Baada ya siku tatu au nne mfugaji achague wachache, pengine kumi hadi ishirini, na baada ya kujivua mara mbili amtenge kila mmoja katika kopo lake refu lenye kitambaa juu. Waliosalia waachiliwe. Wasimwagwe mahali pamoja, bali watawanywe, watano kwenye kichaka hiki na watano kwenye kile, asubuhi baada ya umande kukauka au jioni jua likiwa limepoa. Wengi wataliwa na ndege, mijusi, buibui na sisimizi kabla ya kukomaa. Jike hutaga mayai mengi kwa sababu hiyo.

Mahali pa kuwaachilia ni palepale kibumba kilipookotwa, na suala hili linadai mkazo. Kibumba ni kitu kigumu kinachostahimili safari ndefu, na kimeshasafiri zaidi ya inavyodhaniwa. Vunjajungu wa Kichina alifika Marekani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na leo vibumba vyake huuzwa huko kwa wenye bustani kama mbegu. Mfano ulio karibu zaidi ni wa *Miomantis caffra*, vunjajungu mdogo wa kusini mwa Afrika, aliyeonekana mara ya kwanza Auckland, nchini New Zealand, mwaka wa 1978. New Zealand ilikuwa na vunjajungu wake wa asili. Watafiti wamegundua kwamba madume wa asili huvutiwa na harufu ya majike wa kigeni kuliko ya majike wao wenyewe, wakawaendea, na mara nyingi wakaliwa. Kitawi kimoja chenye kibumba kinaweza kuwa kitu kidogo sana ndani ya begi la mwanafunzi anayerudi chuoni kutoka likizo. Kilichookotwa Malindi kiangukie Malindi, na kilichookotwa Kakamega kibaki Kakamega.

Kibumba kilichoangua kisiondolewe kizimbani siku hiyohiyo. Mara nyingine safu chache huchelewa, na tunutu kumi au zaidi hutokea baada ya siku kadhaa, wakati mwenye kizimba ameshaanza kufikiria kukifua kitambaa. Chupa mbili za ndizi ziendelee kuwekwa mpaka wiki ya pili ipite.